Tulimfukuza Mama Mdogo, Damu Ikaongea

Dada yangu aliamshwa na kengele ya simu saa kumi na mbili asubuhi. Akakaa kitandani, akanyoosha mkono kuizima, akafa.

Hakuwa anaumwa. Alikuwa na miaka ishirini na miwili.

Alifia kwa mama mdogo, mjane wa baba mdogo. Miaka miwili kabla, mtoto wa kumzaa wa huyo huyo mama mdogo alifia nyumba ile ile. Mlango uligongwa kwa nguvu, akaanguka, basi.

Baba mkubwa akaitisha kikao.

"Huyu mwanamke anatumaliza. Kaanza na wake ili tusimshtukie."

Hakuna aliyebisha. Wadau, siku ya kumfukuza mama mdogo, mimi ndiye niliyelitoa godoro lake nje.

Miaka sita ikapita. Nikapata kazi hospitali, chumba cha mafaili. Kulikuwa na utafiti: daktari mmoja mwanamama alitaka habari za kila mgonjwa aliyewahi kuzimia ghafla ziingizwe kwenye kompyuta. Umri, ndugu, alikuwa anafanya nini. Kisha damu zao zipimwe vinasaba, yaani vile tunavyorithi kwa wazazi.

Kazi yangu ilikuwa kuchapa tu.

Faili la tatu: alizimia simu ilipolia. Sikujali.

La saba: alizimia mlango ulipogongwa.

La kumi na moja: alizimia saa ya kumwamsha ilipolia. Nikaacha kuchapa.

Nikamfuata daktari, nikamsimulia yote ya kwetu. Akavua miwani.

"Mmebaki wangapi?"

Tukapimwa. Baba mkubwa alikubali haraka kuliko wote, kwa sharti moja.

"Mpimeni na yule mchawi. Hizo mashine zimtaje."

Mama mdogo alikuja peke yake. Akakunja mkono wa gauni, akatolewa damu, akaondoka bila kumsalimia mtu.

Siku ya majibu tulikubaliana wote tusomewe pamoja.

"Kuna hitilafu ndogo kwenye kinasaba kimoja," daktari akasema. "Inavuruga umeme wa moyo. Mwenye nayo akishtuliwa na sauti, moyo unaweza kusimama."

Akanitazama. "Wewe unayo."

Akamgeukia baba mkubwa. "Na wewe mzee. Ni ya ukoo wenu."

"Na huyu?" baba mkubwa akauliza, akimnyooshea kidole mama mdogo.

"Huyu hana. Yeye kaolewa tu kwenu."

Baba mkubwa akawa anatazama viatu vyake.

"Nilianguka mara mbili shuleni," akasema. "Kengele ya mapumziko."

Nikamuuliza, "Sasa mbona hukusema?"

"Ningesema, nani angenipa mke?"

Daktari akaandika. Hilo la mke nalo akaliandika.

Mama mdogo akauliza swali moja. "Ingejulikana mapema, mwanangu angeishi?"

"Kuna vidonge, mama. Wengi wanaishi."

Akaitikia kwa kichwa. Akachukua mkoba wake, akasimama mbele ya baba mkubwa.

"Shemeji, dawa zako uzimeze."

Akatoka. Nikamkimbilia hadi getini, nikamwomba msamaha. Akaniambia nirudi siku nyingine, leo hana nguvu hizo.

Nimeshakwenda kwake mara nne. Ya nne alinikaribisha ndani.

Wewe unayesoma, kwenu vijana wakifa ghafla, msitafute wa kumfukuza. Ulizaneni nani aliwahi kuanguka akanyamaza, halafu mwende wote mkapimwe.