Tulivyozindua trekta Nyantende huku mti ukisubiri

Wakuu, habari za mapumziko.

Humu kila baada ya muda anatokea mtu anauliza: trekta dogo linafaa kwa kazi ya kuangusha miti na kuburuta magogo milimani? Mnajibizana kuhusu horsepower, tairi, uzito, nani kanunua la Mchina na nani la Mhindi. Nimekuwa nikisoma kimya kimya.

Leo nami nitoe ushuhuda, kwa sababu nilikuwepo. Niliyoyaona nitasema niliyaona, na yale niliyosimuliwa nitasema nilisimuliwa. Majina nimeyageuza kidogo ili niendelee kualikwa kwenye sherehe za familia.

Mimi naishi Nyalukemba, hapa Bukavu. Shangazi yangu, ambaye wote tunamwita Maman Nabintu, ni mjane na anaishi Nyantende, ukitoka mjini kuelekea bonde la Ruzizi. Nyumba yake imejengwa chini ya mteremko. Juu ya nyumba kuna mkaratusi ambao marehemu mumewe aliupanda ukiwa mnene kama kidole.

Mti ukakua. Ukarefuka, ukanenepa, na kwa sababu zake binafsi ukaamua kuinamia nyumba.

Kila upepo ulipovuma, mti ulikuwa unatoa sauti kama mlango wa zamani. Maman Nabintu akaacha kulala chumbani kwake. Godoro akalihamishia jikoni, kibanda cha nje upande wa pili wa ua, akawa analala kati ya masufuria na mbuzi. Na msimu wa mvua ulikuwa ndio unaanza.

Hilo ndilo lilikuwa tatizo lote, wakuu. Mti ungeangukia nyumba, na ile nyumba ndiyo mali pekee aliyoachiwa na mumewe.

Sasa mjue, kule kwetu kazi kama hii ina utaratibu wake. Unapika kasiksi, ile pombe ya ndizi. Unapeleka habari kwa majirani. Wanakuja na kamba nene, mmoja anaimbisha, wengine wanaitikia, na wakati wa kuitikia ndipo wanapovuta. Mti unalala unapotakiwa. Magogo yanaburutwa hadi barabarani kwa wimbo huohuo. Kisha watu wanakunywa na kusemana.

Ni utaratibu mzuri, ila una kasoro moja kubwa: hauna kiti cha mgeni rasmi.

Hapo ndipo anapoingia Tonton Déo.

Tonton Déo, yaani baba mdogo, ni mdogo wake Maman Nabintu na ndiye mwenyekiti wa familia. Sikumbuki tukimchagua, lakini pia sikumbuki mtu aliyewahi kufanikiwa kumpokonya maikrofoni.

Wakati huo barabara ya Sange ilikuwa bado inapitika kama barabara za watu. Tonton alikuwa amekwenda kule kwa shughuli zake, akaona trekta dogo jekundu likilima mashamba ya mpunga kwenye ardhi iliyonyooka kama meza. Akalipenda palepale. Hesabu aliyoifanya kichwani ilikuwa rahisi: kinachoweza kazi mezani kitaweza na ukutani.

Akalikodi. Likapandishwa kwenye lori, likapita zile kona za mlima wa Ngomo zinazowafanya hata wapagani wasali, likashushwa Nyantende pamoja na dereva wake, Saidi, mtu mzima mpole ambaye maisha yake yote alikuwa ameendesha kwenye tambarare.

Saidi aliangalia mteremko kwa muda mrefu.

"Tonton, sasa shamba iko wapi?"

"Hapa hapana shamba. Hapa njo chantier, fasi ya kazi."

"Na hii kilima, iko nakuwa hivi kila siku?"

Tonton alicheka akampiga begani. Saidi hakuwa anatania.

Jumapili iliyotangulia, baada ya misa, Tonton alikuwa ameomba nafasi kwenye matangazo ya kanisani. Nilikuwa kwenye benchi la tatu, kwa hiyo hili nalithibitisha. Alisema hivi:

"Bandugu, safari hii hakuna mutu atachoka. Tuko na machine. Na machine hainywaka kasiksi!"

Watu walicheka. Kisha kicheko kikaisha mapema kidogo kuliko alivyotarajia, kwa sababu waliokuwa wanakunywa hiyo kasiksi ndio waliokuwa wamekaa kwenye mabenchi.

Papa Mushagalusa, jirani wa karibu wa shangazi na ndiye mwimbishaji wa kamba pale kijijini, alisimama akasema kwa upole wa kutisha:

"Aksanti, Tonton. Basi siye tutakuya kuangalia tu."

Na wakaja, wakuu. Jumamosi ya uzinduzi walikuja hadi watu ambao huwa hawaji kwenye misiba. Wakakaa kwenye nyasi juu ya mteremko, mikono kwenye magoti, kama wako uwanjani.

Tonton alikuwa amejiandaa. Kulikuwa na bâche, yaani turubai, la bluu, viti vya plastiki, maua, spika, na bango lenye picha yake kubwa na picha ndogo ya trekta. Trekta lilikuwa limefungwa utepe. Wageni wa heshima kutoka mjini walikuwa na sucré, soda za baridi. Waliokaa kwenye nyasi walikuwa na jua.

Sasa sikilizeni vizuri, maana yote yaliyofuata yalitoka hapa. Juu ya nyumba ya Maman kuna sehemu moja tu iliyo tambarare. Moja. Ndiyo sehemu ambayo trekta lingeweza kusimama imara, likavuta kamba na kuuondoa mti upande wa nyumba.

Na ndiyo sehemu bâche lilipofungwa.

Papa Cirhuza, mkata miti, alifika na msumeno wake wa injini, akazunguka akitafuta.

"Tonton, tracteur itasimama wapi?"

"Pale pembeni, karibu na ndizi."

"Pembeni pale iko na muteremuko."

"Sasa bageni niwaweke ku muteremuko?"

Trekta likasimamishwa pembeni, limeinama kama mti wenyewe.

Mpango wa Tonton ulikuwa hivi. Kamba ingefungwa juu kwenye mti na kwenye trekta. Papa Cirhuza angekata kabla, abakize kidogo tu. Kisha, neno la mwisho la hotuba likitamkwa, utepe unakatwa, trekta linavuta, mti unaanguka, mpiga picha anapiga. Alinionyesha hata mahali pa kusimama na simu yangu nisikose tukio.

Papa Cirhuza akakata, akapachika kabari kwenye mkato, akakaa chini kusubiri neno la mwisho.

Asubuhi ilikuwa njema, udongo mkavu. Kama mti ungevutwa saa hiyo, huu uzi usingekuwepo.

Lakini kulikuwa na sala ya kufungua. Kulikuwa na kwaya. Katekista akalibariki trekta, kila tairi na baraka yake. Akaja aliyemkaribisha mgeni rasmi. Akaja mgeni rasmi, akashukuru kukaribishwa. Ndipo Tonton Déo akachukua maikrofoni ili aseme, nanukuu, "mot moja fupi tu."

Alianza na babu yetu alipofika Nyantende kwa miguu.

Babu bado hajafika, wingu likafika.

Walioko kwenye nyasi walilitazama, wakatazama mti uliokatwa nusu, wakatazama maikrofoni. Sauti ya Papa Mushagalusa ikashuka kutoka juu:

"Tonton! Mvua iko naomba parole, nayo iseme!"

Wageni wakacheka. Tonton akatabasamu kama mtu mkubwa, akageuza ukurasa.

Mvua ya kwetu mnaijua. Haianzi, inaanguka tu. Kwa dakika chache mteremko ule mwekundu ukawa sabuni. Tonton akakubali kufupisha, akaruka moja kwa moja hadi kwenye neno la mwisho, akakata utepe akiwa amejifunika kichwa kwa hotuba, akapaza sauti: "Saidi, vuta!"

Saidi akavuta.

Nilichokiona ni hiki. Tairi za nyuma zilizunguka bila kushika chochote. Kisha trekta, polepole na kwa heshima zote, likaanza kwenda pembeni. Lilipita migomba miwili, likaingia mtaroni hadi kiunoni na kuzimika. Saidi aliruka akabaki amesimama kwenye matope, mzima, akilitazama kama mtu aliyetazamia hilo tangu Ngomo.

Kamba ikalegea.

Mti ukalia.

Kilio kile sijakisahau. Kilele kilikuwa kinayumba juu ya paa la shangazi, na upepo ulikuwa bado unakuja. Kilichouzuia usianguke ni kile kipande kidogo cha mti ambacho hakikuwa kimekatwa, na kabari ya Papa Cirhuza.

Maman Nabintu alitoka jikoni. Alisimama uani kwenye mvua, akainua macho. Aliingia ndani ya nyumba, akatoka na picha ya harusi ya ukutani, akaipeleka jikoni, akarudi kusimama. Mimi simu nikaiweka mfukoni.

Ndipo wale wa kwenye nyasi wakasimama. Hakuna aliyewaita. Papa Mushagalusa alishuka mbio akiteleza, akafungua kamba kwenye trekta, akaiburuta hadi kwenye kisiki cha zamani kilicho upande wa pili wa tambarare, akaizungusha pale ili isirudi nyuma. Wanaume na wanawake wakashika. Akageuka.

"Tonton Déo! Muti tukivuta huku, italala ku bâche yako. Chagua mbiyo: nyumba ao bâche?"

Wakuu, hapa naandika kama shahidi. Tonton alinyamaza.

Alitazama bâche la kukodi. Alitazama viti, spika, bango. Wageni walikuwa wameshakimbilia barabarani, kwa hiyo hatukuwa tunapima roho za watu. Tulikuwa tunapima plastiki.

Sauti ya shangazi ikatoka chini, bila haraka yoyote:

"Déo. Unawaza?"

"Vuteni," akasema Tonton.

Papa Mushagalusa akaanzisha wimbo. Sisi wa mjini tulishika kamba tukiwa na viatu vyetu vya sherehe. Ilipofika zamu ya kuitikia, tulivuta. Mti ukagoma. Tena. Papa Cirhuza akagonga kabari, akakimbia. Mara ya tatu mti ukaanza kusimama wima, ukakaa hapo kidogo kama unaulizia njia, kisha ukageukia kwetu. Tuliachia kamba tukatawanyika pembeni.

Ukalala juu ya bâche lote. Ulipasua bango katikati ya picha, trekta likabaki upande mmoja na Tonton upande mwingine. Viti vilivyopona sijui kama vilikuwa na haja ya kupona.

Paa la shangazi halikupoteza hata msumari.

Kisha mtu akasema kutoka kwenye matope: "Inauguration imekwisha?"

Vicheko vilivyofuata vilisikika, naamini, hadi Nyangezi. Hata katekista alicheka, akajifanya anakohoa.

Mvua ilipokatika, Tonton aliwakaribia watu na kuanza kusema kwamba kwa bahati mbaya hakuwa ameandaa kitu cha kunywa. Maman Nabintu akamkatiza.

"Kasiksi iko mu jikoni. Nilipika."

"Ulipika lini, dada?"

"Mbele ya tracteur kufika. Wewe nakujuwa, Déo. Nilijuwa kama discours itakuwa murefu."

Ndiyo sababu alilala na masufuria bila kulalamika, kumbe alikuwa analinda na bidoni, madumu ya kasiksi.

Walikunywa. Papa Cirhuza akakata magogo, wakayaburuta hadi barabarani kwa wimbo, kazi ambayo trekta lilitoka Sange kuja kuifanya. Kisha likabaki trekta lenyewe mtaroni, na Saidi pembeni yake akiwa mnyonge kweli.

Papa Mushagalusa akafunga kamba ileile. Saidi akakaa kwenye usukani, nao wakalivuta. Katika wimbo alichomeka maneno mapya, na kijiji kizima kikawa kinaitikia: "Machine hainywaka!" Kila wakiitikia, trekta linapanda. Tonton naye alikuwa kwenye kamba, viatu mkononi. Hilo lazima niliseme kwa haki, alivuta kwa nguvu na mwishowe aliitikia pia.

Lilipofika barabarani wakanywa tena, kwa sababu hiyo ilikuwa kazi ya pili.

Maman Nabintu akamletea Saidi kikombe chake, akamwambia: "Kunywa, mwanangu. Machine hainywaka, lakini bale banaivuta bananywaka."

Jioni kwenye grupu la familia la WhatsApp, Tonton Déo aliweka picha. Ni ya asubuhi: jua, utepe, trekta linang'aa. Chini kaandika: "Travaux terminés avec succès," yaani kazi zimekamilika kwa mafanikio. Wajomba wa Kinshasa na Ubelgiji wakajaza vidole gumba.

Kesho yake asubuhi shangazi, ambaye huwa haandiki, akatuma ujumbe wa sauti. Nyuma yake unasikia jogoo.

"Déo, nimelala mu chambre yangu. Nimelala sana. Aksanti ya tracteur. Ile kamba, uiache huku."

Funzo langu, wakuu: trekta halikuwa na kosa lolote. Kwenye mpunga wake ni mfalme. Lakini kabla hujauliza horsepower, angalia mteremko, angalia mbingu, na uhakikishe kwamba mahali pa trekta hapajakaliwa na mgeni rasmi. Mengine majirani watayamaliza, mradi hukuwatangazia kanisani kwamba huwahitaji.

Sasa semeni ninyi mnaoendesha hizi mashine kwenye milima: mnazifungaje zisiteleze? Naomba majibu ya kweli, maana Tonton Déo ameanza kuulizia bei ya kukodi katapila.