Mashine ya Baba na Waya Mwembamba

Masika ya mwaka ule yalinuka chuma. Mvua ilishuka kutoka Uluguru kila alasiri, ikapiga bati la karakana ya baba pale Mafiga, na harufu ya udongo uliolowa ikaingia ndani kukutana na ile ya vijiti vya kuchomelea, kali kama ya kiberiti kilichozimwa. Baba tulimzika mvua zilipoanza. Mama alikuwa ametangulia zamani, hata mdogo wetu wa mwisho, Melania, hamkumbuki. Kati ya Melania na mimi alikuwapo Deo. Mimi, Fausta, nilikuwa kidato cha pili. Baada ya matanga nilikunja sare yangu, nikavaa ovaroli la baba lenye miguu mirefu kuliko yangu, nikaenda karakana. Sikurudi tena darasani.

Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Mjomba wetu, mkulima wa kabichi kule Mgeta, alikuwa ameshalisema lake kwa upole siku ya maziko: siku ya arobaini tutagawanywa. Deo angekwenda naye milimani, Melania kwa mama mdogo Kilosa, na mimi ningetafutiwa kazi za ndani mjini. Hakuwa mtu mbaya. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini yeye uzito wetu aliujua, na kwake vinywa vilishakuwa vingi. Nilimwomba atuache pamoja. Akajibu kwamba angetuacha endapo karakana ingeonyesha kuwa inaweza kutulisha.

Kazi ilikuwapo. Shule moja ya msingi ya huko milimani ilikuwa imemwagiza baba madawati ya bomba za mraba, na mwalimu mkuu alikubali tumalizie sisi, mradi dawati la mfano liwe imara. Fundi Ramadhani, Mzigua aliyefanya kazi na baba tangu sijazaliwa, macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Alipima na kukata, kuchomelea akaniachia mimi. Bomba zile zilikuwa nyembamba. Kila nilipogusa kwa kijiti nilitoboa tundu, na nilipojaribu kuliziba nikaongeza jingine. Baba alikuwa amejiandaa kwa kazi za namna hiyo kwa kununua kisukuma waya kilichotumika, cha kuchomelea kwa waya badala ya vijiti, bila mashine ya umeme ya kukiendesha, akisema hiyo atainunua baadaye. Tukakiunganisha na mashine yake kubwa ya buluu, ile aliyoipangusa kila Jumamosi kama mtu anayepangusa kabati la vyombo.

Hapo ndipo tulipokosea, na hatukujua. Mashine ya baba ilikuwa ya kushikilia ampea. Ukichomelea kwa kijiti mkono hautulii. Kijiti kikikaribia chuma au kikienda mbali, volti hushuka na kupanda, lakini ampea hubaki karibu ileile. Kwa mkono wa binadamu hiyo ni rehema. Waya una mambo yake. Waya husukumwa na mota kwa mwendo mmoja, nao unataka mashine ishikilie volti, ampea iachwe ipande na kushuka. Waya ukisogea karibu mno, ampea hupanda na kuuyeyusha upesi. Ukiwa mbali, ampea hupungua, nao hufika tena mahali pake. Moto hujirekebisha wenyewe. Kwenye mashine yetu, mara waya uligonga chuma bila kuyeyuka, mara uliungua hadi mdomoni mwa bunduki ya kuchomelea ukagandia humo. Tulirekebisha mwendo wa waya, tukabadilisha nyaya za ardhi, tukasugua bomba mpaka zikang'aa. Baadhi ya viungo vilitoka vizuri, kwa kuvitazama tu.

Fundi Ramadhani alinipeleka kwa fundi mmoja karibu na Msamvu, aliyekuwa na mashine ya kushikilia volti. Niliusikia waya wake ukilia sauti moja, kama mafuta yanayokaanga samaki, na ndiye aliyetueleza tofauti. Yeye alitengeneza matrela, alihitaji mashine ya vijiti yenye nguvu. Akasema tubadilishane, mashine kwa mashine. Nilikataa kabla hajamaliza. Nilimwambia Fundi Ramadhani njiani kwamba kitu cha baba hakitoki. Nikarudi kuilazimisha mashine ya buluu kufanya isichokiweza, nikamaliza dawati la mfano, nikalipaka rangi.

Siku ya arobaini mjomba alifika na ndugu wengine. Baada ya sala na chakula akaingia karakana, akalitazama dawati, akaketi. Kiungo cha mguu wa dawati kikaachia, naye akaenda chini pamoja na kofia yake. Waya ulikuwa umelala juu ya bomba, haukushika. Hakuna aliyecheka. Melania alinishika ovaroli kwa nyuma, Deo akiwa kando yake.

Sasa Wazigua ni watani wetu, na msibani mtani ana ruhusa asiyokuwa nayo mwingine. Fundi Ramadhani alivaa koti la baba, akashusha ngao ya baba usoni, akaanza kutembea kwa kuburuta mguu wa kushoto kama baba alivyokuwa akiburuta. Shangazi akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. Fundi akaiendea mashine ya buluu, akaikalia.

"Shemeji," alimwambia mjomba kwa sauti ya baba, "umekuja kugawa vitu vyangu, na umeanza na sakafu. Hii ndiyo itoke, ije ile ya waya. Wanangu waache hapa."

Mjomba alikuwa bado anajipangusa vumbi. "Marehemu, hata ukifa unanisumbua," alisema. Kisha akanigeukia mimi, hakutania tena. "Fausta, mashine hii ikitoka, utaweza?"

Niliitazama ngao. Nyuma ya kioo kile cheusi sikuona macho ya mtu yeyote. Nikasema, "Nitaweza, mjomba. Itoke."

Mashine ilitoka kwa mkokoteni kwenda Msamvu, mvua ikiinyeshea kifuniko, na mkokoteni ukarudi na ile ya volti. Madawati yalikwenda milimani kabla ya masika kwisha, na hakuna aliyegawanywa.

Karakana ipo palepale. Deo anafundisha, Melania ana watoto wake. Mashine niliyonunua karibuni ni ndogo kama begi la shule na inafanya yote mawili: swichi upande huu inashikilia ampea, upande ule inashikilia volti. Vijana ninaowafundisha huigeuza kwa kidole kimoja huku wakizungumza mambo ya mpira. Ni vizuri iwe hivyo. Sikuwaombea wapitie tulikopita. Ila inapofika zamu yangu, nikitaka kutumia waya, mkono wangu huenda kwenye swichi na kusimama kidogo, mpaka nisikie tena watoto wawili nyuma yangu wakipumua.