Mchanga Alioumwaga Baba

Walisema sitaweza kukaa juu ya punda. Walisema pia sitamaliza shule, na baadaye wakasema diploma ya ujenzi si ya mtoto wa mchukuzi wa mchanga. Nilipovuka kwenda Manda kupanda ndege, safari yangu ya kwanza ya Muscat, walisema nitarudi na mkoba mtupu. Leo diploma hiyo imetundikwa ukumbini mwangu, mkabala wa mlango, mgeni aione kabla hajaketi, na ukumbi wenyewe umo ndani ya nyumba ya ghorofa tatu hapa mtaani Langoni niliyoichora kwa mkono wangu. Sioni haya kuyasema. Lakini la kwanza kabisa lilikuwa lile la punda, na hilo ndilo ninalotaka kukuhadithia leo, mwanangu.

Binti yangu Rukia ndiye aliyenirudisha huko. Juzi alikuja kuniuliza kama amruhusu mwanawe, Fumo, aingie kwenye mashindano ya punda ya wakati wa Maulidi. Mtoto amemshika mama yake kwa maombi asubuhi na jioni, na mama hapati usingizi. Mimi nikacheka. Nikamwambia damu ya bingwa haianguki.

Rukia hakucheka. "Baba," alisema, "nimekuuliza kama mzazi, wewe wanijibu kama mshangiliaji." Akajifunga buibui lake akaenda zake.

Maneno yake yalinikaa. Kwa hivyo nimeketi kulijibu swali kama lilivyoulizwa. Namjibu yeye, na nakujibu wewe pia mwenye mtoto anayependa punda, au kujirusha majini kutoka gatini, au mpira wa kugongana, au mchezo wowote unaomfanya mzazi afumbe macho.

Baba yangu, Omari, alikuwa na punda mmoja aitwaye Kipanga. Mashua zilileta mchanga wa kujengea mpaka ufuoni mbele ya mji, na Baba na Kipanga waliuchukua kwa magunia na kuuingiza vichochoroni, nyumba hadi nyumba. Hiyo ndiyo iliyotulisha. Mimi nilikuwa mtoto wa pumu. Ngazi za nyumba yetu zilitosha kunimaliza pumzi. Nilipoanza kusema kwamba nitashindana, mtaa mzima ulipata la kuchekea. Bwana Athmani, mshona viatu aliyekaa mlango wa tatu kutoka kwetu, alimwambia Baba mbele yangu, "Omari, mwanao huyu ukimpuliza aruka. Kwenye punda utamfunga na kamba?"

Baba akaendelea kumfunga Kipanga magunia. Kwangu mimi alisema neno moja tu, hapana, na hakulifafanua. Nilidhani ni kwa sababu ya pumu. Lakini mkono wake wa kushoto haukunyooka tangu ujana wake, na kila mtu alijua aliuvunja kwenye mashindano hayo hayo, na yeye mwenyewe hakupenda kuyataja.

Sasa, mwanangu, sikiliza jinsi mtoto aliyekatazwa anavyopatikana kwa urahisi. Palikuwa na tajiri mmoja mwenye punda wa mbio. Wenye punda kama hao hutafuta watoto wepesi, kwa sababu punda hukimbia zaidi akibeba kidogo. Alinikuta nikiwatazama punda wake wakinyweshwa, akanipima kwa macho, akaniambia ninafaa. Akaniambia pia nyumbani nisiseme kitu mpaka siku yenyewe. Rafiki yangu Shee alikuwa amekwisha kukubali. Mimi nilikuwa karibu kukubali.

Bibi yangu, mamake Baba, alijua. Sikumwambia, ila kwa Bi Esha jambo halikupita mlangoni bila kuingia. Siku hiyo baada ya alasiri alimwita Baba akae, nami akanizuia nisitoke. Alimuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, huku akichambua mchele.

"Omari, umemkataza asianguke, ama umemkataza wewe usimuone akianguka?"

Baba akasema mtoto ana pumu.

"Hilo nalijua, mimi ndiye nimsuguaye kifua. Nimekuuliza jingine." Akamweleza habari ya tajiri. Kisha akasema, "Ataingia. Lililobaki ni kwamba ataingia na wewe ama ataingia na mtu asiyemjua hata jina."

Baba aliusugua ule mkono wake. Alipoinuka aliniambia kesho niwahi kuamka.

Nilidhani nitafundishwa kukimbiza punda. Baba alinipeleka ufuoni maji yakiwa yametoka, mchanga umelowa, akaniweka juu ya Kipanga, pale nyuma kabisa karibu na mkia, mahali wapandaji wetu wanapokaa, bila tandiko. Kisha akanisukuma nikaanguka. Nikapanda tena, akanisukuma tena. Nilipolalamika alisema, "Kukaa yuu ya punda utajifunza mwenyewe. Kuanguka hukufunzwa, nami sikufunzwa." Akanionyesha mkono wake, kisha ardhi. "Nilinyoosha mkono kuizuia nti. Usiinyooshee nti mkono."

Kwa hivyo nilijifunza kukunja mikono kifuani, kuingiza kidevu, kugeuza bega na kubingirika. Kila pumzi iliponibana tulisimama. Yeye ndiye aliyeamua tusimame, na hilo halikuwa na mjadala. Watoto wa mtaani walikuja kutazama, kwa kuwa hawajaona baba anayemtupa mwanawe kwa utulivu namna ile. Bwana Athmani naye alipita, akasema sasa ameelewa, Omari anafanya mazoezi ya kupakua magunia.

Zilipokaribia siku za mashindano Baba aliniambia jambo la mwisho. Njia ya mbio, ya mawe, hufuata ufuo mbele ya mji, huenda mpaka mwisho na kurudi, na Kipanga alikuwa ameifanyia kazi njia hiyo maisha yake yote. "Pale gatini tunapopakia mtanga atasimama," alisema; mtanga ndio mchanga kwa lahaja yetu. "Miaka yote husimama pale. Ukifika karibu mshughulishe, mguse shingo kwa kijiti, asikumbuke."

Nilimwambia nimemzoeza, hatasimama. Nilikuwa na hakika. Nimekuwa mtu wa hakika tangu utotoni, na mara nyingi imenifaa.

Asubuhi ya mashindano nilipoteremka ufuoni niliona aibu. Pale gatini palikuwa na mchanga uliomwagika, mwingi, umetanda juu ya mawe njiani, na kila mtu alijua ni wa nani. Msimamizi mmoja alimfokea Baba, akamuuliza ni siku gani hii ya kuacha mzigo njiani. Baba akasema, "Nauondoa sasa hivi, bwana." Akasimama pale pale, mikono nyuma, hakuondoa hata kiganja. Nilitamani asiwe babangu kwa muda mfupi tu, mbio zikiisha arudi.

Tukaachiwa. Mwanangu, mpaka leo sijakaa ndani ya gari lililonipa furaha ile. Kipanga alikuwa punda wa kazi, kifua kipana, na alipoona wenzake wanakimbia naye alikimbia kama aliyeitwa. Niliwapita watatu. Nikasikia watu wakilitaja jina langu, na mmoja wao alikuwa Bwana Athmani. Tulipokaribia gati nilikuwa nawatazama wao, sikumtazama Kipanga.

Akasimama. Hakupunguza mwendo, alisimama kama punda aliyefika kazini. Mimi niliendelea peke yangu, juu ya masikio yake. Mikono ilijikunja kabla sijafikiri. Bega likagusa chini, nikabingirika, nikakaa kitako nikiwa na mchanga mdomoni.

Mchanga. Mahali pengine pote palikuwa mawe.

Baba alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka kwangu. Hakunikimbilia. Aliniangalia mikono, akaniangalia kifua kinavyopanda na kushuka, kisha akasema, "Una pumzi?" Nikasema ninayo. Akasema, "Basi punda yuko hapo, akungojea."

Nilipanda nikamaliza. Sikushinda mwaka huo. Nilishinda uliofuata, na waliohudhuria wengine wangali hai, waulizwe.

Shee hakumaliza. Alianguka mbele zaidi, juu ya mawe, mguu ukavunjika. Wazazi wake walikuwa nyumbani hawana habari kwamba mtoto wao yumo mbioni. Na tajiri alikimbia, nilimwona, alikimbia kweli kweli, ila alimkimbilia punda. Baba ndiye aliyemwinua Shee na kumbeba kwa ule mkono wake mbovu. Mpaka leo Shee akishuka ngazi hutanguliza mguu ule ule mmoja, na akiniona hunitania kwamba mimi nilishindana kitandani, juu ya godoro la mchanga.

Jioni nilimkuta Baba gatini anauzoa ule mchanga na kuurudisha kwenye magunia. Nikamuuliza kama aliumwaga kwa ajili yangu. Hakuinua kichwa. "Mtanga huu ni wa watu," alisema, "wangojewa. Shika gunia." Nikashika gunia. Hakulizungumza tena mpaka alipofariki, nami sikumuuliza, kwa sababu nilikwisha kujibiwa.

Nimejenga majumba huko na huku, mwanangu. Nimesomea uzito wa nguzo na nguvu za kuta, na nina karatasi yenye mhuri. Sijaona mahali popote mchanga uliotumika vizuri kuliko ule.

Basi Rukia, na wewe mzazi mwingine unayesoma, shauri langu ni hili. Usimruhusu mtoto kwa sababu amelia, wala kwa sababu babu yake ni mtu wa kujisifu. Nenda kwanza ukaitembee njia yenyewe kwa miguu yako mpaka ujue ni wapi ataanguka. Usipopaona, au ukapaona na ukajua huwezi kufanya kitu pale, mkatae, na umweleze sababu mpaka aelewe, usimwachie neno moja kama nililoachiwa mimi mwanzo. Na kama anayemtaka mtoto wako mchezoni ni mtu atakayemkimbilia punda, mkatae na huyo pia. Lakini ukipaona, na una njia ya kupalainisha, mfundishe kuanguka, kisha mwache aende. Wewe simama pale. Usisimame mwisho wa mbio pamoja na washangiliaji, nami nilikuwa nimejiandaa kusimama huko, nikiri.

Fumo nitampeleka ufuoni mwenyewe, maji yakitoka, nikamsukume. Mgongo bado unaniruhusu. Na asubuhi ya mashindano, mama yake akikubali, msimamizi atanikuta gatini na magunia yangu, anifokee anavyotaka. Nitamwambia nauondoa sasa hivi.

Mola akupe macho ya kuona mahali mwanao atakapoangukia, akupe nguvu za kufika pale kabla yake, na ampe mwanao pumzi ya kuinuka na kupanda tena. Amina.