Fundi Milimita na Bunduki ya Saba

Ukitaka kumkera Fundi Milimita, na wengi walitaka kwa sababu hasira zake zilikuwa za kuchekesha, ilitosha kuingia karakana yake nyuma ya ghala la silaha la polisi, kunyooshea kidole bunduki yoyote ndefu yenye darubini, na kusema, "Hii ndiyo ya mdunguzi, eh fundi?"

Mzee angeweka tupa chini. Angevua miwani, aifute kwa ncha ya shati, aivae tena, kisha akutazame kama mtu aliyeuziwa sukari yenye mchanga. Halafu angeifungua ile darubini taratibu, aihamishie kwenye bunduki kuukuu iliyokuwa pembeni ya jiliwa la kubania vyuma, ile yenye mti uliopasuka, na kuuliza, "Nimemvalisha mbuzi miwani. Sasa atasoma gazeti?"

Makuruta walicheka mpaka wakashika mbavu. Nao hawakutoka bila somo, maana mzee akishaanza kulizungumzia jambo hilo hakuwa na breki. Aliwaambia kuna askari wa kawaida, na kuna mdunguzi, yule anayelala mbali kimya na kumlenga mtu mmoja tu. Bunduki zao zinaweza kutoka kiwanda kimoja, wiki moja, zikafanana kama pacha. Zifunge zote mbili zisitikisike, uweke karatasi hatua mia mbele, kila moja iipige risasi tano. Matundu ya ile ya kawaida utayafunika kwa kisahani cha chai, na kwa kazi ya askari inatosha sana. Matundu ya ile nyingine utayafunika kwa kizibo cha soda.

"Kulenga ni kazi ya jicho," alikuwa akisema. "Kazi ya bunduki ni kurudia. Ya kawaida ni shahidi mwongo, kila ukimwuliza anabadilisha maneno kidogo. Ya mdunguzi hata umwulize mara mia, jibu ni lile lile."

Na kurudia huko hakukutoka kwenye darubini, kulitoka kwenye mikono ya fundi. Mti wa bunduki ukigusana na mtutu, mvua ikinyesha mti unavimba, unausukuma mtutu kiasi cha unywele, na huko mbali unywele umekuwa shubiri nzima. Kwa hiyo aliuchonga mti kwa ndani na kuusugua kwa msasa, mpaka kipande cha karatasi kiweze kupita chini ya mtutu toka mdomoni hadi kooni bila kukwama. Kikikwama, alianza tena; hakujua kulipua kazi, yaani kuimaliza ovyo ilimradi iishe. Alilainisha kifyatulio mpaka kidole kisijue ni lini hasa risasi imetoka. Alichagua risasi za kundi moja, zilizotengenezwa pamoja. Darubini ilikuja mwisho kabisa, kama mtu anavyovaa kofia mlangoni. Kazi ikiisha, alifungua bamba la chuma lililo nyuma ya kitako na kuandika kwa penseli, kwenye mti, upana wa mahali matundu yake matano yalipokusanyika, kwa milimita. Ndipo lilipotoka jina lake. Kwa miaka thelathini na moja ya kazi hiyo hakuwahi kumlenga kiumbe, hata njiwa.

Mke alikuwa naye, akafariki. Mtoto hakujaliwa. Alikuwa na mdogo wake wa kike, fundi cherehani, na huyo alikuwa na binti mmoja tu, muuguzi wa zahanati, ambaye mjomba mtu alimpenda kupita kiasi na wala hakulificha hilo. Binti ndiye aliyempa kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu ya kuwaka. Mjomba alikuwa na kawaida ya kutia tone moja juu ya kila skrubu inayoshika darubini. Skrubu ikilegea hata kidogo, tone linapasuka, na fundi anajua.

"Haya mjomba, kumbe hata bunduki zako zinajipamba?" binti alimwuliza siku alipokileta.

"Zinajipamba kuliko wewe," alijibu, na wote wawili walicheka sana.

Binti aliuawa saa nne asubuhi, siku ya maandamano. Alikuwa kwenye kibaraza cha ghorofa ya nne, nyumbani kwao, ameshika simu anapiga picha za video watu waliokuwa wakipita chini. Polisi walikuwa mwisho kabisa wa barabara, mbali. Ilikuja risasi moja, ikamwingia chini ya mtulinga wa kushoto, basi. Simu ilianguka barabarani na haikuonekana tena. Jioni tangazo lilisema askari walifyatua hewani kutawanya watu, kwa bunduki za kawaida, na kwamba marehemu alipatwa na risasi iliyopotea.

Mama yake alilikamata neno hilo kwa mikono miwili. Kila aliyekuja msibani aliambiwa: ilikuwa risasi ya kupotea. Risasi ya kupotea haimchukii mtu. Ni kama kigae kilichodondoka kutoka kwenye paa, utakikasirikia kigae? Alifika hata mahali pa kumwonea huruma yule askari, ambaye naye, alisema, lazima analia huko aliko. Kwa neno hilo alirudi dukani na kukalia cherehani yake. Kwa neno hilo alikula na alilala.

Kaka yake alisikia risasi moja, umbali ule, pale kifuani, akajifanya hamnazo. Alijua risasi iliyofyatuliwa hewani inarudi ikidondoka toka juu, haiji moja kwa moja kifuani, lakini aliizuia akili yake isiende huko. Mtu anaweza. Alifanya hivyo miezi saba.

Mwezi wa nane jaji aliyepewa kazi ya kuchunguza vifo vya siku ile aliagiza bunduki zote kumi na mbili zilizotumika barabara hiyo zikaguliwe, na mtaalamu aandike ukurasa mmoja: ni za kawaida zote, au kuna ya mdunguzi? Mkuu wa ghala alimwita Fundi Milimita ofisini, akafunga mlango, akamvutia kiti.

"Mzee, nimekupendekeza wewe, na jaji amekubali," alisema. "Mjomba wa marehemu akisema ni za kawaida, nani atabisha?"

"Na kama si za kawaida?"

"Daftari la ghala linasema kawaida, zote kumi na mbili. Wewe unakili tu daftari, mzee wangu. Umebakiza miezi mingapi ustaafu?"

"Minne."

"Basi."

Ziliwekwa juu ya meza ndefu, zote bila darubini, zote na mti wa kahawia ule ule. Alikata kipande cha karatasi. Kwenye ya kwanza kilikwama palepale mdomoni. Ya pili kilikwama, na ya tatu, na kila kilipokwama fundi alishusha pumzi. Alifika ya sita akiwa karibu kutabasamu.

Kwenye ya saba karatasi ilipita. Ilipita toka mdomoni hadi kooni kama inapita hewani. Aliirudisha, akaipitisha tena, akairudisha, akaipitisha mara ya tatu, ovyo sasa, akiiomba ikwame. Alitazama juu, mahali pa kufungia darubini. Matundu yalikuwa yamezibwa kwa skrubu fupi. Ukingoni mwa tundu moja palikuwa na chembe ya rangi nyekundu, imepasuka.

Alifungua bamba la kitako. Kwenye mti, kwa penseli, kwa mwandiko wake mwenyewe: 24.

Aliikumbuka. Ishirini na nne ilikuwa rekodi yake. Hakuwahi kupata chini ya hapo. Alilia kwa sauti, peke yake mbele ya meza ile, huku ameishika, kisha akaiweka chini haraka kana kwamba imemwunguza.

Daftari halikumhitaji mtu mwerevu kulielewa. Pale ghalani walikuwa na mazoea ya kivivu, ambayo mzee aliyapigia kelele miaka yote wakamwona msumbufu: yenye darubini iliandikwa ya mdunguzi, isiyo nayo iliandikwa ya kawaida. Bunduki ya saba iliandikwa ya mdunguzi miaka miwili. Kesho yake baada ya maandamano iliandikwa ya kawaida. Kuna mtu alichukua bisibisi, akaivua darubini, akaipanga na nyingine kwenye rafu, na kwa akili yao wakawa wamemaliza. Ndivyo wanavyodhani watu wasiosikiliza wakifundishwa.

Hata hivyo mzee alikuwa mtu wa haki, na haki aliitendea hata chuma. Aliipeleka uwanja wa shabaha, akaifunga, akapiga tano. Alikwenda hatua mia kwa miguu mizito, akaweka kizibo cha soda juu ya matundu. Kiliyafunika yote.

Mkuu wa ghala aliposikia hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu angepiga.

"Tuseme unaandika hivyo," alisema. "Aliyefyatua hatajulikana. Siku ile walikuwa wanabadilishana bunduki, hakuna saini. Hapati mtu kifungo. Anayepata kitu ni mmoja tu, dada yako. Sasa hivi ana ajali. Ajali anaishi nayo. Wewe unataka kumnyang'anya umpe nini?"

Ndilo swali mzee alilokuwa akijiuliza njia nzima kutoka uwanjani. Aliomba kutoka nje. Alikaa kwenye benchi la uani, juani, mikono magotini, askari wakimsalimu na yeye haitiki. Alijaribu kwa moyo wote kuandika "kawaida" kichwani mwake, herufi moja moja. Neno lilikuwa dogo na jepesi, na lingemwachia mdogo wake usingizi. Lakini akafikiria kwamba karatasi hiyo ingebaki na saini yake siku zote, kwamba mtu alimtazama mtoto wao kwa utulivu kisha akamuua, na mjomba akasema haikuwa hivyo. Hapo alishindwa. Alirudi ndani akaandika mistari miwili: Bunduki ya saba ni ya mdunguzi. Niliitengeneza mimi.

"Unaumwaga unga wako mwenyewe, mzee," mkuu alisema.

"Najua."

Alikwenda moja kwa moja dukani kwa mdogo wake, ili asilisikie kwa mtu mwingine. Ilikuwa mchana, mlango wazi. Dada yake alikuwa anapinda mikono ya sare za shule, lundo la samawati hadi kiunoni. Alipomwona kaka yake amesimama bila kukaa, mguu wake uliacha kukanyaga cherehani.

"Umeziona hizo bunduki za jaji?" aliuliza.

"Nimeziona."

"Za kawaida?"

"Moja si ya kawaida, mdogo wangu."

Dada alitoa pini mdomoni, akaichomeka kwenye mto wake. "Mimi sijui bunduki. Tofauti yake ni nini?"

Makuruta mamia alikuwa amewaeleza hilo, kwa vichekesho na kisahani cha chai. Mbuzi na miwani vingetoka vipi mdomoni mbele ya mwanamke huyu? Alikaa kwenye kigoda cha wateja.

"Ya kawaida, anayefyatua anaona watu," alisema mwishowe. "Hii anaona mtu. Anamwona karibu, kama ninavyokuona wewe hapo. Na risasi inakwenda palepale alipotazama, haiendi pengine."

"Kwa hiyo aliuona uso wake."

"Aliuona."

"Akaona ameshika simu tu. Hana kitu kingine."

"Aliona."

Alichukua mkono wa sare, akaukunja, akaukunjua. Kaka yake alitaka kuinuka amshike, akaogopa. Bado hakuwa amemaliza, na alijua asipomaliza sasa atafia nayo.

"Kuna lingine. Bunduki zote haziko hivyo. Zinatoka kiwandani hazilengi namna hiyo, mpaka fundi azishughulikie. Hiyo niliishughulikia mimi."

Alidhani atapiga kelele, au atamfukuza, na angeshukuru kwa lolote kati ya hayo. Mdogo wake alimtazama tu, kwa macho ya mtu anayejumlisha hesabu asiyoitaka.

"Ilikuchukua muda gani?" aliuliza.

"Siku tatu."

"Siku tatu unafanya nini?"

"Nachonga mti. Napiga msasa. Napima, narudia."

Aliitikia kwa kichwa, maana naye alijua maana ya kurudia. Alikuwa amefumua mishono maisha yake yote kwa sababu imekwenda upande kidogo. Walifundishwa kazi na baba mmoja, wote wawili, nyumba moja, kwa fimbo moja.

"Si ungelipua tu hiyo kazi, kaka," alisema, "kama mafundi wengine wanavyolipua?"

Mzee aliinamisha kichwa. Alikumbuka kwamba siku zote tatu alikuwa akipiga mluzi.