Kobe Niliyemfukua Lamboni

Nilikuwa darasa la pili, pale Endasak, mwaka ambao kiangazi kilikausha lambo tulilonyweshea ng'ombe. Tope lilipasukapasuka. Bibi, mama yake mama, aliyenilea, alikuwa ametuonya: kobe wa maji amejizika humo na mvua ameishika yeye. Atakayemfukua atatucheleweshea mvua sote.

Mimi niliwaza kiu yake tu. Nikachimba kwa kijiti mpaka nikamkuta, mdogo kama kisahani, shingo ameikunja ubavuni chini ya gamba. Alinuka vibaya. Nikamweka kwenye dumu lililokatwa juu, nikajaza maji pomoni, nikafunika kwa jiwe bapa mbwa wasimpate. Asubuhi alikuwa amekufa. Sikujua kwamba naye huvuta hewa kama mimi.

Bibi alimkuta kwenye dumu. Alimfukia nyuma ya zizi, hakunipiga.

Mvua ikachelewa kweli. Mahindi tuliyopanda kwenye vumbi yalikaukia humo. Siku moja akina mama wa jirani wakaja uani.

"Shikamoo, bibi. Lamboni kuna shimo na kobe hayupo. Nani kafanya?"

"Marahaba. Ni mimi. Nilikuwa nachimba udongo wa kukandika nyumba."

"Wewe? Si wewe uliyetukataza?"

"Uzee, mwanangu. Macho hayaoni."

"Hayaoni kobe, lakini ugoro yanauona!"

Nilisimama mlangoni. Mvua ilipokuja hakuna aliyemwita bibi kwenye palizi ya pamoja, wala hakuna aliyekuja kwetu. Alipalilia maharage yake peke yake, mgongo ukimuuma, mimi nikimfuata na kijembe.

Sasa nina mtoto wangu. Juzi juzi mwalimu wake alinieleza kwamba kobe hao hulala tu kwenye tope kiangazi chote, na kuamka maji yakirudi. Mvua hawaishiki. Nilishukuru kusikia hivyo, kisha nikalia.

Bibi hakuyajua hayo. Aliamini kabisa kwamba ni mimi niliyetuletea njaa, na jioni zile za uji mwepesi bado alikuwa akimimina wa kwake kwenye bakuli langu, akisema ameshiba. Alifariki nikiwa darasa la sita. Sikuwahi kutoka mle mlangoni nikawaambia wale kina mama kwamba ni mimi.