Mkanda wa Ngozi kwenye Bunduki ya Upepo

Asifiwe Mungu Baba, aliyenifikisha kwenye umri wa kukaa kitini mchana bila mtu kuniuliza kazi niliyofanya. Haya nitakayosimulia si ya kujivunia, lakini hata hayo nayarudisha kwake kwa shukrani.

Juzi mjukuu wangu alichinja mbuzi, akaiwamba ngozi ukutani, upande wa jua. Jioni upepo ukageuka, na harufu ikanifikia nilipokaa nikishona kifungo: harufu ya ngozi mbichi inayokauka, nzito, yenye mafuta kidogo na chumvi. Niliacha kushona. Ndugu yangu unayesoma, harufu hiyo hainikumbushi nyama wala sikukuu. Inanikumbusha bunduki.

Usishtuke. Ilikuwa bunduki ya upepo, ya kupigia ndege, na haikuwa yetu. Ilikuwa mali ya shamba la ngano la serikali, kwenye tambarare ya Hanang. Wazazi wangu walihamia huko kutoka Maretadu nikiwa mdogo, kwa sababu shamba la babu lilikuwa limegawanywa mpaka likabaki matuta machache. Tulikaa kambi ya wafanyakazi, chumba kimoja cha mabati. Ngano ilianzia nyuma ya choo ikaenda mpaka macho yachoke.

Baba alianza kwa kubeba magunia. Mwaka wa pili aliteleza kwenye ubao wa tela, gunia likamwangukia bega la kushoto. Tangu siku hiyo mkono ule haukupanda juu ya kifua bila yeye kukunja uso. Kwa rehema za Mungu alipewa kazi nyepesi: kulinda vitalu vidogo vya ngano ya mbegu, ndege wasivimalize. Kwa kazi hiyo alikabidhiwa bunduki.

Wote waliiita kazi nyepesi. Bunduki yenyewe ilikuwa nzito kama mtoto wa mwaka mmoja aliyelala, na haikuwa na mkanda. Baba aliibeba kutwa nzima kwa mkono wa kulia peke yake, akivizunguka vile vitalu. Ndege nao walikuwa wengi kama vumbi. Ukimpiga mmoja, wenzake walihamia kitalu cha pili, wakamsubiri huko kwa adabu mpaka afike. Jioni vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi, hata tonge mama alimkatia.

Akaomba ruhusa ya kuweka mkanda. Mtunza stoo, ambaye kambi nzima ilimwita Bwana Stoo, alikuwa mtu mrefu mwenye kalamu mbili mfukoni. Alimjibu mbele yangu, maana nilikuwa nimempelekea baba chakula.

"Mkanda weka, Baba Paskalina, sikukatazi. Lakini msumari hapana, skrubu hapana, waya hapana. Ikinirudia na mkwaruzo hata mmoja, unarudi kwenye magunia. Mimi nami nina mtu juu yangu."

"Nimeelewa, Bwana Stoo."

"Na wewe binti, husalimii?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Umesikia nilivyomwambia baba yako? Basi wewe ni shahidi."

Baba alijaribu kamba ya katani. Iliteleza kwenye mtutu, bunduki ikaning'inia kichwa chini kama kuku anayepelekwa mnadani. Alijaribu mpira wa ndani wa baiskeli. Ukanyumbuka, bunduki ikawa inamgonga magoti kila hatua. Vibarua wakamcheka.

"Mzee, hiyo unaibeba au mnacheza ngoma?"

"Tunacheza," baba akajibu bila kusimama. "Njooni mtupigie makofi."

Mama ndiye aliyeona njia. Kwetu mpini wa kisu ukilegea, au kibuyu kikipata ufa, hufungwa kwa ngozi mbichi. Unakata ukanda mwembamba, unauloweka mpaka unakuwa laini kama utumbo, unauzungusha, halafu unaliachia jua. Ukikauka unajikaza wenyewe, na hauna ncha ya kukwaruza kitu. Mama alikuwa na ngozi ya mbuzi aliyoihifadhi kwa chumvi ya ziwani Balangida. Kila Jumamosi stoo ilifungwa mchana, na kwa kuwa ndege hawaijui Jumapili, baba alibaki na bunduki hadi Jumatatu. Jumamosi moja mama akakata kanda mbili, akanikabidhi.

"Suuza mara tatu, kila mara maji mapya. Chumvi yote itoke, isije ikala chuma."

"Ndiyo, mama."

Maji ya kambini yaliletwa na gari mara mbili kwa wiki, na siku hiyo pipa lilikuwa kavu. Kisima kilikuwa chini korongoni, mwendo wa kumaliza rozari na kuanza nyingine. Nilikuwa nimeshakwenda mara mbili tangu asubuhi, na utosi ulikuwa unawaka. Ndoo iliyobaki ilitosha kusuuza mara moja na kupikia maharage. Nilisuuza mara moja. Kisha nikakaa nyuma ya nyumba nikiwatazama sisimizi, mpaka muda wa mara tatu ulipotimia, nikampelekea.

"Mara tatu?"

"Tatu, mama."

Alifunga ukanda mmoja karibu na mdomo wa mtutu, wa pili kwenye shingo ya kitako, kila mmoja na kitanzi chake. Jumapili baba alifukuza ndege kwa kupiga debe, wengine walikwenda kigangoni kusali, mimi nikaachwa nilinde bunduki juani, kwa sababu mbwa wa jirani alikuwa ameshaipenda ile ngozi. Nilisali nikiwa na fimbo mkononi. Jioni ngozi ilikuwa imekaza, ukiigonga kwa ukucha inalia. Mama akapitisha mkanda laini kwenye vile vitanzi. Baba akaitundika bunduki bega la kulia, akaenda mpaka chooni na kurudi kama askari, akicheka peke yake.

Msimu ule wote baba alikata tonge mwenyewe. Mara nyingine nilimsikia akiimba akirudi, jambo nililokuwa nimelisahau kwamba analiweza.

Baada ya mavuno Bwana Stoo alitaka vifaa vyote virudi kama vilivyotoka. "Shahidi naye aje," baba alitania, nikafuatana naye. Mezani pa Bwana Stoo, baba akailowesha ile ngozi kwa kitambaa, taratibu, akaifungua. Kitako, kwa kuwa ni mbao, kilikuwa safi kabisa. Alipofungua ule ukanda wa mtutuni, kulikuwa na pete ya kutu, nyekundu, na alipoifuta, chini yake chuma kilikuwa kimeliwa vishimo vishimo.

"Mkwaruzo haupo," baba alisema, kwa sauti ndogo.

Bwana Stoo alipitisha ukucha pale, akarudia tena. "Haupo. Mkwaruzo ningepaka mafuta, ukanyamaza. Hii nitaificha vipi, Baba Paskalina?"

Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Jumatatu baba alirudi kwenye magunia.

Usiku ule wakati wa kula nililirudisha tonge sahanini.

"Mama, ile ngozi..."

"Kula, Paskalina. Chakula kinapoa."

"Lakini mimi ndiye..."

"Nimesema kula."

Padre alipopita kigangoni niliungama uongo wangu. Alinipa Salamu Maria tatu, na hizo nilizisali zote, bila kupunguza. Lakini baba sikumwambia kamwe. Alibeba magunia misimu mitatu, kwa bega moja, akirudi na kulala kabla ya chakula kuiva. Kisha tulirudi Maretadu, akalima maharage kwa mkono mmoja mpaka Mungu alipomwita, akiwa amepata sakramenti zote. Hakuwahi kumlaumu mtu. Akiulizwa alisema tu kwamba chuma hupata kutu.

Kwa miaka mingi niliamini mama alininyamazisha kwa sababu hakujua nilichotaka kusema. Nilishaolewa na kuzaa watatu siku nilipokuwa nafunga mpini wa panga kwa ngozi mbichi. Mkono mmoja umeshika mpini, mwingine unazungusha, na wa tatu Mungu hakutupa. Nikauvuta ukanda kwa meno, kama wanawake wote wanavyofanya. Chumvi ikanijaa mdomoni mpaka nikatema. Ndipo nikakaa chini.

Mama naye alivuta kwa meno. Alijua tangu mvuto wa kwanza. Alikuwa ametoka kupalilia tangu alfajiri, mdogo wangu yuko mgongoni, na jua lilikuwa linashuka. Angesema neno, ingebidi mmoja wetu ateremke tena korongoni. Alinitazama nilivyochoka, akajijua na yeye alivyochoka. Akameza ile chumvi, akaendelea kufunga.

Nilipolielewa hilo alikuwa ameshatangulia. Angekuwepo, nisingemwuliza kitu. Ningemchotea maji.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Mungu akupe nguvu ya kuteremka kisimani mara moja zaidi pale unapoona huwezi tena. Na siku utakayoshindwa, akuweke karibu na mtu atakayelijua kosa lako na kukusogezea chakula kabla hakijapoa.