Sahani Iliyopinduliwa Mlangoni

Mimi sijui kukaa. Hata ninapoandika haya nimeshainuka mara tatu, mara nichungulie mvua dirishani, mara niguse birika kama bado lina moto. Wanafunzi wangu wa uuguzi hapa Tukuyu wananijua: Madam anasahihisha kazi huku anatembea. Mwenzangu wa ofisini aliwahi kuniambia kwamba nimepewa kiti lakini sikupewa makalio ya kukikalia. Nilicheka, nikatoka nje.

Kwetu ni Singida. Huku nililetwa na barua ya uhamisho, na mwaka wa kwanza nilinung'unikia ukungu na nguo zisizokauka mpaka majirani wakanichoka. Mbali na kufundisha darasani, kazi yangu ni kuwapeleka wanafunzi vijijini kujifunza utafiti. Wanaingia nyumba kwa nyumba na dodoso, wanapima presha, wanauliza wazee wanatunzwaje, kisha tunawarudishia wanakijiji majibu yao kwenye mkutano. Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo naipenda kuliko zote. Sipendi watu wa kuja kuchukua habari za watu na kupotea nazo.

Nilikuwa na kanuni moja, na niliipigia kelele kila asubuhi kabla hatujapanda gari: andika ulichokiona, usiandike unachokijua. Wanafunzi wana tabia ya kujaza dodoso kwa hadithi za nyumbani kwao, na mimi hadithi hizo nilikuwa nazikata kwa kalamu nyekundu bila huruma.

Kulikuwa na binti mmoja mpole, mzaliwa wa Msasani ya hapahapa Tukuyu, Mnyakyusa kwa baba na mama. Siku ya kwanza alinijazia pembeni mwa dodoso maelezo marefu juu ya mila za familia aliyoitembelea. Nilimjia juu mbele ya wenzake. Nilimwuliza kama amekuja kufanya utafiti au kupiga soga, kisha nikapitisha mstari juu ya maelezo yote. Tangu siku hiyo madodoso yake yakawa safi kabisa, na mimi nikamsifu kwamba sasa ameiva. Jamani, nilimsifu.

Wiki ya pili tulikuwa Kinyala. Binti alifika kwenye kaya ya mzee aliyefiwa na mkewe, mwenye presha. Mzee alikuwa na kijumba chake upande wa pili wa ua, amelala, na binti hakutaka kumwamsha. Aliyemjibu maswali ni mkamwana, mke wa mtoto wa kiume wa yule mzee. Mumewe anafanya kazi Tunduma na huja mara mojamoja, kwa hiyo pale nyumbani walikuwa wamebaki wawili, yeye na baba mkwe wake. Aliulizwa kama anampa mzee dawa. Akajibu, mimi simfikii. Akaulizwa mara ya mwisho kuzungumza naye ni lini. Akasema hajawahi. Mlangoni kwa mzee binti aliona kigoda, na juu ya kigoda sahani tupu imepinduliwa kifudifudi. Akaandika yote matatu kama alivyoyaona, bila neno la ziada.

Mimi niliposoma nilipandwa na hasira. Mzee mgonjwa, mkwe hamkaribii, hasemi naye, na sahani imefunikwa saa sita mchana kama nyumba isiyopikwa. Nilichukua kalamu yangu nikaandika neno moja chini: ametelekezwa. Sikumwuliza binti chochote. Nilikuwa na haraka, gari lilitakiwa kurudi, na mimi haraka ndiyo ugonjwa wangu.

Kwenye mkutano wa majibu, mbele ya ofisi ya kijiji, nilisimama mwenyewe. Nilizungumzia presha, chumvi na kliniki ya wazee. Halafu nikasema kuna kaya moja kitongoji cha juu ambako mzee ameachwa peke yake, mkwe hamgusi wala hamsemeshi, na sahani yake iko mlangoni tupu. Jina sikutaja. Nilijiona nimetunza siri. Kumbe kijiji kizima kiligeuza shingo kwa wakati mmoja kumtazama mwanamke aliyekaa nyuma na kanga ya kijani. Alinitazama kidogo, akainuka, akaenda zake. Hata wakati ule sikuelewa. Nilidhani ni aibu ya mkosaji.

Tulipokuwa tunashuka kuelekea garini, binti alikuwa analia. Nilimwuliza ana nini, na nadhani nilimwuliza kwa ukali.

"Madam, yule mama hajamtelekeza mzee," akasema. "Huku kwa watu wa zamani mkamwana hakutani na baba mkwe. Hamwangalii, hamsemeshi, hataji jina lake. Ndiyo heshima yenyewe. Bibi yangu alimpikia baba mkwe wake mpaka anakufa, na hakuwahi kumwona uso."

Nilimwuliza, sasa kwa nini hukuniambia?

"Ulisema tusiandike tunachokijua."

Nilisimama pale kwenye utelezi, wanafunzi wengine wananipita na vifaa vyao, nikatafuta pa kumlaumu huyu mtoto nisipaone. Kosa lilikuwa langu lote, tena nilikuwa nimelitengenezea kanuni.

Nilidhani nitalimaliza kimyakimya. Kesho yake nilirudi na binti mpaka kwa yule mama, nimebeba dodoso jipya nililolisahihisha vizuri. Tulimkuta jikoni anamenya ndizi za mbalaga. Hakutufukuza, alitupa vigoda, akaendelea kumenya. Nilipomwomba radhi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatueleza mambo yake taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni njia. Tangu mama mkwe wake afariki ni yeye anayempikia mzee. Anaweka chakula kwenye kigoda na vidonge pembeni, anagonga mfuniko wa sufuria, anaondoka. Mzee akishakula na kumeza dawa, anapindua sahani. Asipoipindua, mkamwana anamwita jirani aende kuangalia kuna nini. Hiyo alama waliachiwa na marehemu mama mkwe, aliyekuwa akipeleka habari baina yao mpaka alipougua. Kwa hiyo ile sahani niliyoitangaza ya njaa ilikuwa ya mtu aliyeshiba na dawa amemeza.

Nilimwonyesha dodoso langu jipya. Hakulishika, mikono ilikuwa na utomvu wa ndizi. Alisema karatasi hiyo wataisoma wenzangu huko mjini. Huku habari zimeshafika Mbeya, kwa mawifi zake wawili, na Jumamosi wanakuja kumchukua baba yao na kumwuliza mumewe kama huyu ni mke wa kukaa naye.

"Ulilisema mkutanoni," akaniambia. "Nenda ukalitoe mkutanoni."

Siku zile nne sikulala vizuri wala sikukaa. Nilifundisha kipindi kizima cha vidonda nikagundua nimefundisha kilekile cha jana. Nilimpigia simu mwenyekiti wa kitongoji aitishe tena mkutano Jumamosi hiyo, mara nyingi mpaka akaanza kuniitikia kwa kuguna. Nilikuwa naogopa, niseme ukweli. Naogopa kusimama mbele ya watu na kusema mwalimu alikosea, na naogopa zaidi kwamba hata nikisema, yule mama atapoteza nyumba yake kwa sababu ya neno langu moja la wino mwekundu. Nilimwambia binti kwamba si lazima aje. Akasema atakuja. Halafu akaniambia kwamba nilipaswa kumwuliza yeye kabla ya kuandika. Hivyo tu, bila hasira. Nilikubali.

Jumamosi saa nne watu walijaa kuliko mara ya kwanza, maana habari ya mtu kuja kukana maneno yake mwenyewe hakuna anayetaka kusimuliwa tu. Mawifi walikaa mbele, wamevaa kimjini, mikoba mapajani. Kisha akatokea mzee mwenyewe, ambaye hakuna aliyemtarajia, anakuja polepole na fimbo, na mfuko wa kitambaa begani. Hapo nikaona kiti cha nyuma ki wazi. Mkamwana alikuwa ameinuka kabla mzee hajafika kwenye uwanja, akazunguka nyuma ya ofisi, upande wa migomba. Baba mkwe akiwepo, yeye hawezi kukaa. Mtu niliyekuja kumsafisha ilibidi asikilize nyuma ya ukuta.

Nilisimama nikaeleza. Sikuzunguka. Nilisema nilisoma karatasi bila kuuliza, nikamtangaza vibaya mwanamke anayemtunza mzee wake kila siku, na kwamba mwanafunzi wangu alijua ukweli na mimi ndiye niliyemfundisha kuunyamazia. Nilijikuta nimewapa watu mgongo, nasema nimelielekea dirisha la ofisi ili nyuma kule asikie.

Wifi mkubwa aliniuliza kwa baridi, sasa wao wataaminije, jana hivi na leo vile? Swali lilikuwa la haki.

Mzee akainuka. Hakusema na binti zake wala hakusema nami. Alifungua mfuko, akatoa sahani ya bati ya maua mekundu, akaiweka juu ya meza, juu ya madodoso yangu, kifudifudi. Akaegemea fimbo yake.

"Kila siku," akasema. "Ndaga fijo." Asante sana, kwa lugha yao. Alilisema akiwa ameangalia chini, na hakuna asiyejua lilikuwa linamwendea nani.

Wifi mdogo alianza kufuta macho. Mkubwa alifunga mkoba wake, akamwuliza baba yao kama angependa waje kumwona mara kwa mara badala ya kumhamisha. Mzee akaitikia kwa kichwa.

Watu walipoanza kutawanyika, binti aliinyanyua ile sahani kama ilivyokuwa, hakuigeuza, akazunguka nayo nyuma ya ofisi. Nilimfuata mbiombio. Nilikuwa nimejiandaa na maneno mengine ya msamaha, hata ya kulia nilikuwa nayo.

Mkamwana alikuwa amesimama kati ya migomba, anasugua mikono. Alipoiona sahani iko kifudifudi mikononi mwa binti, mabega yake yakashuka.

"Amemeza," akasema. "Asubuhi nimekuta kigoda kitupu, na yeye ameshaondoka. Nimesimama hapa muda wote sijui kama amemeza."

Aliichukua, akaipangusa kwa kanga, akaondoka kwenda kupika cha mchana.